Kadi ya bima ikibadilika, dawa nazo hubadilika

Kaka yangu alifanya kazi miaka mingi katika kampuni moja ya tumbaku hapa Tabora, na muda wote huo mama yetu alikuwa tegemezi wake kwenye bima binafsi iliyolipiwa na mwajiri. Mkataba wa kaka ulipokwisha, kadi ya mama nayo ikafungwa. Mama ana presha na kisukari, maradhi ambayo dawa zake hazina likizo, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa serikali na mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, nikamwandikisha kwenye uanachama wangu. Katika kumhudumia nimeona kwa karibu jinsi gharama ya dawa inavyomfikia mgonjwa kwa njia tofauti kila kadi inapobadilika. Ninayaandika haya kwa sababu ninaona familia nyingi zikihama kutoka bima moja kwenda nyingine bila mtu yeyote kuzungumza nazo habari ya dawa.

Tunapolinganisha bima huwa tunauliza makato ni kiasi gani na kadi inapokelewa hospitali zipi. Hayo ni maswali ya lazima, lakini yanamfaa zaidi mtu mwenye afya ambaye anahofia kulazwa ghafla. Mwenye maradhi ya kudumu anaweza kumaliza mwaka mzima bila kulazwa hata mara moja, ilhali dawa anazimeza kila asubuhi na kila jioni, na anazichukua upya kila mwezi. Kwake yeye bima ni dawa kwanza, na mengine yanafuata.

Bima binafsi aliyokuwa nayo mama ilikuwa na kikomo cha mwaka kwa matibabu ya nje, yale ya kwenda na kurudi nyumbani bila kulazwa. Ada ya kumwona daktari, vipimo na dawa vyote vililipwa kutoka katika fungu hilo moja. Daktari aliandika dawa aliyoipenda, mara nyingi kwa jina la kibiashara, yaani lile la kampuni, na famasi iliitoa bila maswali mengi. Mama alikuwa akipewa kidonge kimoja cha presha chenye dawa mbili ndani yake, telmisartani na amlodipini, pamoja na metformini ya aina inayoachia dawa polepole mwilini, ambayo humezwa mara moja tu kwa siku. Hakuna aliyemtajia bei, kwa kuwa hakuwa akitoa fedha mkononi. Hata hivyo bei ilikuwepo, na ilikuwa ikikatwa kwenye fungu lake kimyakimya, kiasi kwamba mwaka ulipoelekea ukingoni kaka alikuwa akiarifiwa kuwa kiasi kilichobaki hakitoshi, naye akamalizia kwa fedha taslimu. Ninaamini kama dawa zilezile zingeandikwa kwa majina yake ya kitabibu na kutolewa kwa matoleo ya bei nafuu, fungu lile lingefika mwisho wa mwaka. Mwenye bima yenye kikomo ana kila sababu ya kumwuliza daktari na mfamasia, kwa adabu, kama kuna toleo la bei nafuu la dawa ileile, hata kama siku hiyo hatoi senti.

NHIF inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Mfuko huu ulianzishwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, na kwa mtumishi wa umma mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mtumishi na nusu kwa mwajiri. Mtumishi mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa shilingi 24,000 kwa mwezi, na mwajiri wake huongeza kiasi kama hicho. Kwa mchango huo anahudumiwa yeye, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi 4, wakiwemo watoto au wazazi. Kwangu mimi nafasi hizo zilijaa mara tu nilipomwongeza mama juu ya watoto wetu watatu, na ndiyo maana mama mkwe wangu, aliyeko Urambo, alibaki kwenye bima nyingine nitakayoieleza baadaye. Kumchagua mzazi mmoja na kumwacha mwingine ni jambo zito ambalo nyumba nyingi za watumishi zinalifahamu, na halizungumzwi vya kutosha.

Kinachoamua dawa ndani ya NHIF ni orodha. Nchi yetu ina Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, ambao toleo lake la mwaka 2021 wahudumu wa afya wengi wanalo mezani au kwenye simu. Dawa zimeandikwa humo kwa majina ya kitabibu, si ya kampuni, na kila dawa imepewa herufi inayoonyesha ngazi ambayo inaruhusiwa kutolewa: A ni zahanati, B ni kituo cha afya, C ni hospitali ya wilaya, D ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na S ni hospitali za kanda na za kibingwa. Ngazi za juu hutoa pia dawa za ngazi za chini, lakini zahanati haitoi dawa ya herufi D hata kama mgonjwa anaihitaji na anaishi jirani na mlango wake. Mgonjwa anayehama bima akiwa na cheti cha daktari kilichojaa majina ya kibiashara hajui hata pa kuanzia kuisoma orodha hiyo, kwa sababu majina anayoyajua hayamo. Norvasc, kwa mfano, ni amlodipini, na Glucophage ni metformini. Ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayekaribia kubadili kadi ni kwamba amwombe daktari au mfamasia wake amwandikie, kwenye karatasi moja, jina la kitabibu la kila dawa, nguvu yake kwa miligramu, na mara anazoimeza kwa siku. Karatasi hiyo inasaidia zaidi ya maboksi matupu ambayo wazee wetu hubeba kwenye mifuko ya plastiki.

Mama alipokwenda kliniki kwa kadi mpya, daktari alisoma dawa za zamani na kumwandikia zilizomo kwenye orodha na zilizopo dirishani: losartani badala ya telmisartani, amlodipini peke yake kama kidonge cha pili, na metformini ya kawaida ya kumeza mara mbili kwa siku pamoja na chakula. Kwa upande wa tiba hakuna aliyepunjwa. Losartani na telmisartani ni dawa za kundi moja, amlodipini ni ileile, na metformini ni ileile ila haiachiwi polepole, kwa hiyo huenda tumbo likasumbua siku za mwanzo. Lakini kutoka vidonge viwili kwa siku mama alijikuta na vinne, vya rangi na maumbo ambayo hakuyazoea, na nyumbani alikuwa bado ana akiba ya dawa za zamani.

Nilikuwa nimeibeba akiba hiyo makusudi. Kwenye dirisha la dawa, mfamasia, kijana mpole ambaye ningependa wote wafanane naye, alizipanga dawa zote juu ya kaunta, za zamani upande mmoja na mpya upande mwingine, kisha akamsogezea mama boksi la zamani la presha na karatasi mbili za vidonge vipya.

“Bibi, hiki kimoja na hivi viwili ni kazi ileile. Ukimeza hiki, hivi usimeze.”

“Mwanangu, mbona hiki cheupe na hiki kina rangi? Mimi nilijua cheupe ni cha kichwa.”

“Rangi ni ya kiwanda, bibi. Ukivimeza vyote presha itashuka sana, utaanguka, na figo zitaumia.”

Akachukua kalamu, akaandika kwenye boksi la zamani kwa herufi kubwa ACHA, na kwenye bahasha mpya akachora jua kwa dawa za asubuhi na mwezi kwa za usiku, maana mama anasoma kwa shida bila miwani. Kazi hiyo haikuchukua hata robo saa. Alichokisema ni kweli tupu: dawa mbili za kundi la losartani zikimezwa pamoja zinaweza kupandisha kiwango cha potasiamu katika damu na kuharibu figo, na amlodipini ikizidi husababisha kizunguzungu na miguu kuvimba. Hatari ya namna hii haimo kwenye kipeperushi chochote cha bima nilichowahi kusoma, ingawa inatokana moja kwa moja na kubadili bima. Ukimhamisha mzazi, tafadhali nenda naye dirishani ukiwa na dawa zake zote, kisha apimwe presha tena baada ya wiki chache, kwa sababu dawa mpya hata ikiwa ya kundi lilelile huenda ikahitaji kuongezwa au kupunguzwa.

Kwa wanaotumia insulini badiliko huwa kubwa zaidi, na hili ninalijua kupitia mwalimu mwenzangu ambaye naye alihama kutoka bima binafsi. Alizoea kalamu ya insulini, ambayo huwa na yuniti 300 na hurekebishwa kwa kuzungusha kitako chake, akapewa chupa ya mililita 10 yenye yuniti 1,000 pamoja na mabomba ya sindano. Kwa bei ya yuniti moja chupa ni nafuu, na insulini ya chupa imewatunza mamilioni ya watu kwa miaka mingi. Lakini ilibidi afundishwe upya kuvuta dozi, na kubwa zaidi, afundishwe saa ya kuchoma. Insulini za kisasa za haraka huchomwa karibu na kula, ilhali ile ya kawaida huhitaji kutangulia chakula kwa takriban nusu saa. Mtu akibadilishiwa dawa na asielezwe saa, sukari hupanda baada ya chakula na kushuka baadaye, na yeye hubaki akiamini kwamba dawa ya bima mpya ni dhaifu.

Imani hiyo, kwamba dawa ya bei nafuu ni dawa dhaifu, imeenea sana mjini kwetu, na inawagharimu watu. Nimewasikia watu wazima wenye kadi nzuri wakiacha dawa waliyopewa dirishani na kwenda kununua “orijino” dukani kwa fedha zao. Dawa zilizosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, zimepita kwenye tathmini ya ubora kabla ya kuingia sokoni, iwe jina lake ni maarufu au halijulikani. Mwenye shaka na apime presha au sukari yake kwa wiki kadhaa akiwa anameza dawa sawasawa, na namba za kipimo ndizo zimpe jibu.

Ipo hali nyingine ambayo orodha peke yake haiitatui, nayo ni dawa kuwemo kwenye orodha lakini kukosekana kwenye rafu. Tabora mjini Bohari ya Dawa, MSD, ina ofisi yake ya kanda, lakini kuna siku mgonjwa huambiwa dirishani kwamba dawa fulani imekwisha, akanunue nje. Neno “nje” hapo lina maana mbili zinazotofautiana sana kwa gharama. Mwanachama wa NHIF anaweza kupewa fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lenye mkataba na Mfuko, na hapo kadi yake bado inafanya kazi. Lakini akitoka mikono mitupu na kuingia duka lolote la jirani, atalipa bei ya dukani, na fedha hiyo ni vigumu sana kuirudisha. Maduka ya dawa muhimu yaliyopo mitaani kwetu, Isevya, Cheyo, Ng’ambo na kwingineko, yanaruhusiwa kuuza orodha fupi tu ya dawa za cheti, kwa hiyo nayo si jibu la kila dawa. Usiondoke dirishani kabla ya kuulizia fomu hiyo na majina ya maduka yanayoipokea. Wahudumu wengi huieleza wanapoulizwa, ila foleni ikiwa ndefu si wote wanaoikumbuka bila kuulizwa.

Hata mkataba wenyewe unaweza kuyumba. Mwanzoni mwa Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao chenye bei mpya za huduma na dawa, hospitali nyingi binafsi nchini zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wake kwa madai kwamba bei zile hazilipi gharama zao. Mgogoro ulitulizwa kwa mazungumzo, lakini ulituonyesha wanachama jambo la msingi: kati ya kadi na kidonge kuna bei ambayo Mfuko unakubali kulipa, na duka au hospitali ikiona bei hiyo ni ndogo kuliko ile iliyonunulia dawa, dawa hiyo itakuwa ya kwanza kukosekana kwa wenye kadi. Sisemi nani alikuwa na haki. Ninachokipinga ni mgonjwa wa presha kuyajua mabadiliko ya namna hiyo akiwa tayari kwenye foleni.

Sasa nimfikie mama mkwe, ambaye habari yake inanigusa zaidi. Yeye yuko kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, na watu wa Tabora tuna sababu ya kuujua mfuko huu, kwa maana majaribio yake yalianzia katika wilaya yetu ya Igunga mwaka 1996 kabla ya kuenezwa nchi nzima na kutungiwa sheria mwaka 2001. Mwaka 2018 ulikuja mfumo ulioboreshwa, ambamo kaya ya watu wasiozidi 6 huku mikoani ilipangiwa kuchangia shilingi 30,000 kwa mwaka, sawa na shilingi 5,000 kwa kila mtu kaya ikiwa na watu 6. Kadi hiyo inaanzia zahanati na kupanda kwa rufaa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu ni Kitete. Kwa mchango huo ni huduma kubwa, na ningemshauri kila mkulima asiye na bima aichukue kuliko kukaa bila kitu. Lakini kwa upande wa dawa za maradhi ya kudumu inambana mgonjwa mahali ambapo bima binafsi wala NHIF hazimbani: inampa kilichopo kwenye kituo, kwa ngazi ya kituo hicho. Rafu ya zahanati ikiwa tupu, analipa mwenyewe, na dawa inayohitaji ngazi ya juu inamdai rufaa na nauli ya kuja mjini.

Matokeo yake mama mkwe hununua vidonge kwa kuhesabu. Akiwa na fedha kidogo anachukua vya siku chache, vikiisha anakaa hadi apate nyingine, na presha yake inapanda katika siku hizo za katikati bila yeye kuhisi chochote. Ukijumlisha vidonge hivyo vya rejareja kwa mwaka, analipa zaidi ya ambavyo angelipa kwa kununua dawa ya mwezi mzima kwa mkupuo, na tiba anayoipata ni pungufu. Tulichofanya mimi na mume wangu ni kuacha kumtumia fedha za “matumizi” zisizo na jina, na badala yake kumnunulia dawa zake hapa mjini kwa jina la kitabibu, kwa mwezi mzima, na kuzituma kwa basi. Haikutuongezea gharama. Lakini si kila mama mkwe ana watoto walioajiriwa, na mfumo haupaswi kutegemea jambo hilo.

Kuna pia wanaohudumiwa bila kadi. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatoa msamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mwenye dawa hizo asiogope kubadili wala kukosa bima. Mzee mwenye msamaha, hata hivyo, yuko katika hali ileile ya mama mkwe: msamaha unafika kwenye dirisha la dawa na kuishia hapo.

Nimeona vema kuyasema haya sasa kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na utekelezaji wake una maana kwamba kaya nyingi ambazo hazikuwahi kuwa na kadi zitapata, na nyingi zenye kadi zitabadili. Ninaiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Ninachoomba ni kwamba afisa anayemwandikisha mzee kijijini Sikonge au Kaliua amwulize dawa anazomeza na amwonyeshe kituo ambapo dawa hizo zinatolewa, kabla ya kuchukua mchango wake.

Na kuna suala la kalenda, ambalo kwa mkoa wetu lina uzito wa pekee. Mshahara wangu unakatwa kila mwezi, nisipoukumbuka mchango mwajiri anaukumbuka. Mkulima wa tumbaku hana mwajiri wa kumkumbusha. Fedha yake huingia masoko yanapofunguliwa, kiangazi kinapoanza, na kufikia msimu wa mvua, akiwa shambani, mfukoni hamna kitu. Mchango wa bima ya mwaka ukilipwa Januari kwa mkopo wa jirani, utaisha Januari nyingine, katika miezi ambayo hawezi kuuhuisha, na hapo dawa za presha zitarudi kununuliwa kwa kuhesabu. Ukilipwa wakati wa mauzo ya tumbaku, utaisha pia wakati wa mauzo, fedha ikiwepo. Mdogo wangu anayelima Sikonge tumekubaliana kwamba malipo ya marobota ya kwanza yakiingia, kabla ya deni la mbolea halijamaliza kila kitu, mchango wa kaya yake utalipwa siku hiyohiyo, na karatasi ya dawa za mkewe itakwenda pamoja nao.